Kama Ningeipeleka Barometa Yangu Zuhura

(Mazungumzo ya jioni na wanafunzi, wazazi na wavuvi wa Pangani kabla ya kuangalia nyota, yakiandikwa upya na msemaji mwenyewe.)

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, habari za jioni. Watoto, hamjambo? Sijasikia vizuri. Hamjambo? Haya, sasa najua mko macho.

Mwalimu aliponialika alisema nizungumze kidogo tu, tukisubiri giza likolee. Nikamwonya: mtu aliyesoma barometa, chombo cha kupimia mgandamizo wa hewa, miaka thelathini na moja akipewa kipaza sauti, kukirudisha ni kazi.

Wengi mnanifahamu kwa jina la Bwana Mvua. Jina hilo mlinipa kwa kejeli, maana mvua niliyoisema ilikuwa haiji, na ile niliyoinyamazia ndiyo ilikuwa inabeba mabati. Lakini kutabiri haikuwa kazi yangu. Kazi yangu ilikuwa kupima. Kila siku saa tatu kamili asubuhi, iwe Jumapili, iwe Iddi, nilikwenda kwenye kile kibanda cheupe chenye mbavu za mbao kama dirisha la luva, nikasoma vipimajoto, kisha nikainama kwenye kipimamvua. Asubuhi moja ya kiangazi, jua kali wiki nzima, nikakuta kimejaa maji. Nikasimama pale kama bwege. Kumbe mtoto wa jirani alikuwa ananionea huruma kuniona kila siku nakuta chombo kitupu, akaamua kunimiminia kata mbili za maji ya kisimani. Nikaandika sifuri daftarini, nikampa mtoto shilingi.

Nimewaeleza hayo ili mjue nazijua sayari kwa njia gani. Mimi si mtu wa roketi. Nikisoma kwamba chombo fulani kimetua mahali fulani, swali langu la kwanza ni lile lile la kibandani: barometa imesema ngapi? Maana kipimajoto hukwambia habari za saa hiyo. Barometa hukwambia uko katika ulimwengu wa namna gani.

Sasa hivi, kabla sijasimama, mzee mmoja mvuvi pale nyuma kanishika mkono kaniuliza: "Bwana Mvua, huko kwenye hizo nyota zenu kuna kusi na kaskazi?" Nikamwambia, "Mzee wangu, upepo upo. Ila usiulize unakwenda kasi gani. Uliza kwanza hewa yake ina uzito gani." Akanitazama kama ananidai. Basi jioni hii nalipa deni.

Hapa pwani barometa yetu hucheza karibu na milibari 1013. Hupanda kidogo mnamo saa nne asubuhi, hushuka alasiri, hupanda tena usiku, kama maji ya bahari yanavyojaa na kupwa, tofauti yake milibari mbili tatu tu. Kimbunga Hidaya kilipotukaribia Mei 2024, vyombo vikazuiwa kutoka, kilichokuwa kinasumbua kule katikati yake ni mgandamizo wa hewa kushuka. Kwetu sisi, milibari chache zikipungua watu wanafunga mashua. Shikeni hiyo 1013, tutaihitaji.

Tuanze na huyu anayeng'aa pale juu ya minazi. Zuhura. Wengine humwita Ng'andu. Washairi wamemsifu sana, na kwa macho anastahili. Ukubwa wake karibu sawa na Dunia, na ni jirani yetu wa karibu upande wa Jua. Watu waliposhindwa kuona kitu chini ya mawingu yake waliwaza kwamba huko lazima kuna mvua nyingi, mabwawa, pengine misitu. Warusi wa enzi za Usovieti wakaamua kwenda kuhakikisha. Tarehe 15 Desemba 1970 chombo chao Venera 7 kilifika chini. Parachuti yake ilikuwa imeharibika njiani, kikajibwaga ardhini, lakini kikaendelea kutuma mlio dhaifu kwa dakika 23. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kwa chombo cha binadamu kutuma habari kutoka juu ya ardhi ya sayari nyingine. Na habari yenyewe ilikuwa hii: jehanamu.

Joto la ardhi ya Zuhura ni kama nyuzi 465. Wavuvi, ile chubwi ya risasi mnayofunga kwenye mshipi huyeyuka nyuzi 327. Mkiiweka kwenye jiwe la Zuhura itatiririka. Na halipungui usiku, wala kaskazini mwa sayari si afadhali kuliko katikati. Ni joto lile lile kila mahali, kila saa.

Lakini joto si shani kubwa kuliko barometa. Barometa yangu ingesoma milibari kama 92,000. Elfu tisini na mbili. Ni sawa na kuzamishwa baharini mita 900, kwa hesabu yenu pima mia tano hivi. Wapiga mbizi wetu wa pweza wakienda pima kumi masikio yanalia. Hewa hiyo karibu yote ni hewa ukaa, asilimia 96 na ushei, nayo chini kule imebanwa na kupashwa moto mpaka haiwi gesi kamili wala maji kamili. Mita moja ya ujazo hapa kwetu ina hewa ya uzito wa kilo moja na kitu. Kule ni kilo 65.

Sasa mzee wangu, njoo kwenye upepo. Mwaka 1975 Venera 9 na Venera 10 zilipima upepo wa chini kule zikapata mwendo wa mita moja hivi kwa sekunde. Huo ni mwendo wa mtu anayezunguka sokoni bila haraka ya kununua. Ungesema shwari. Lakini nguvu ya upepo ni uzito wa hewa na mwendo vikifanya kazi pamoja, na nilipopiga hesabu usiku mmoja kwenye karatasi ya nyuma ya kalenda, nikapata kwamba upepo huo wa konokono ungesukuma tanga kama upepo wa hapa wa kilomita 26 kwa saa. Ngalawa ingekwenda, na ingekwenda vizuri. Kama tanga lisingeungua.

Watu huniuliza: ni kwa sababu Zuhura yuko karibu na Jua? Kidogo. Lakini angalieni Utaridi, aliye karibu zaidi ya wote. Mchana wake unafika nyuzi 430, na usiku unaporomoka hadi 180 chini ya sifuri, kwa kuwa hana blanketi la hewa. Kwenye mashimo ya ncha zake yasiyopata jua kabisa kuna barafu ya maji. Chombo MESSENGER kilitoa ushahidi wake mwaka 2012. Barafu kwa jirani wa Jua! Zuhura naye mawingu yake yanarudisha angani karibu robo tatu ya mwanga wa Jua, kiasi kwamba ardhi yake inapokea mwanga kidogo kuliko ardhi yetu. Kinachomuunguza ni ile hewa ukaa. Joto likishuka halipati mlango wa kutokea. Ni wali uliopaliliwa makaa, mfuniko umebana.

Na mvua? Ipo, ila si ya kukinga pipa. Mawingu yake ni ya asidi ya salfa, ile inayokula suruali ya fundi wa betri. Mvua ya asidi hunyesha toka juu, kilomita hamsini na kitu, halafu kabla haijafika mbali joto linaipokea, inakauka hewani, inapanda kuwa wingu tena. Haijapata kugusa ardhi. Ningeweka kipimamvua changu pale, kila asubuhi ningeandika sifuri mpaka nistaafu. Asubuhi yenyewe ni mgogoro: toka jua kuchomoza mpaka kuchomoza tena ni siku 117 za kwetu, na linachomoza magharibi. Mchana mmoja wiki nane na zaidi. Sitaki hata kuwaza mfungo wa Ramadhani huko. Mtu mwenye baiskeli akikanyaga mwendo wa kilomita 13 au 14 kwa saa kwenye ikweta yake angeweza kulifuata jua lisimtue maisha yake yote.

Lakini sayari hiyo inayojigeuza kizembe namna hiyo, mawingu yake ya juu yanaizunguka yote kwa siku nne tu. Kwa nini hewa inaikimbia ardhi kiasi hicho, wataalamu bado wanalifanyia kazi. Mwaka 1985 vyombo vya Vega viliachia maputo mawili, yakaelea kilomita 54 juu ya ardhi, yakabebwa na upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa kwa muda wa saa 46 hivi, mpaka betri zikaisha. Na mjue jambo la kuchekesha: kwenye kimo hicho joto linakaribia la hapa Pangani na mgandamizo ni kama nusu ya wa kwetu. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya Zuhura ambayo barometa yangu ingepona. Mikono yangu, kwa ajili ya asidi, sina hakika.

Kuna hadithi moja ya Zuhura inayonipendeza kwa sababu ni ya mafundi wenzangu. Machi 1982 walishusha Venera 13 na 14. Ya 13 ilitengenezwa iishi dakika 32, ikaishi 127, ikapiga picha za rangi: mawe bapa kama vigae, anga rangi ya chungwa bovu. Inasimuliwa kwamba Venera 14 ilipotua, kifuniko cha kamera kilifunguka kikaruka kama kilivyotakiwa, kikaangukia hasa pale ambapo mkono wa kupimia ugumu wa udongo ulikuwa unakuja kubonyeza. Mamilioni ya kilomita, halafu wanapima ugumu wa kifuniko chao wenyewe. Niliposoma hayo nikamkumbuka mtoto wa jirani na kata zake mbili.

Na Zuhura ana mambo yanayotuhusu sisi wenyewe. Kuna mfereji huko unaoitwa Baltis Vallis, urefu wake kama kilomita 6,800, umezidi Nile. Ulichimbwa na nini, mahali ambapo maji hayawezi kuwepo? Lava ya kawaida ingeganda kabla ya kufika mbali hivyo. Basi wapo wanajiolojia waliosema: mtazameni Ol Doinyo Lengai. Ndiyo, Mlima wa Mungu wa Wamaasai, huku kwetu kaskazini. Lava yake si kama ya volkano nyingine zinazofanya kazi duniani. Ni ya kabonati, joto lake nyuzi 500 na ushei tu, nusu ya lava za kawaida, na inatiririka kama oili chafu ya gari. Ikitoka ni nyeusi. Baada ya siku chache, ikishanyonya unyevu wa hewa, inageuka nyeupe kama chokaa. Lava ya namna hiyo ikimwagika kwenye ardhi yenye nyuzi 465 haina sababu ya kuganda upesi. Itakwenda tu, itakwenda, kama mto. Ni rai tu, haijathibitishwa, lakini kila nikiuona huo mlima kwenye kalenda za benki namfikiria Zuhura. Na mwaka 2023 wataalamu waliopitia upya picha za rada za chombo Magellan waligundua kwamba tundu moja la volkano karibu na mlima Maat Mons lilibadilika umbo na kupanuka ndani ya miezi minane ya mwaka 1991. Kwa hiyo moto wake bado unawaka.

Nimekaa sana Zuhura. Mwalimu ananiangalia.

Mirihi, yule mwekundu. Huko barometa yangu ingesoma milibari sita au saba. Ningedhani imevunjika. Hewa yake pia ni ya hewa ukaa, lakini ni nyembamba hata maji hayawezi kukaa kwenye bakuli: karibu na nyuzi sifuri yanachemka huku yanaganda. Adhuhuri ya kiangazi kwenye ikweta miguu yako ingeona joto la Lushoto, na kichwani ungehitaji kofia ya sufu, kwa sababu hewa nyepesi namna hiyo haiwezi kubeba joto toka chini mpaka juu. Usiku nyuzi sabini, themanini chini ya sifuri.

Kuna kitu Mirihi ambacho kila mpima hewa akikisikia hukaa chini. Chombo Viking 1 kilitua tarehe 20 Julai 1976 kikawa kinasoma barometa siku baada ya siku, miaka sita. Msimu wa baridi ya kusini ulipoingia, mgandamizo ukashuka, ukashuka, sayari nzima. Hewa ilikuwa inakwenda wapi? Ilikuwa inaganda. Karibu robo ya hewa yote inaanguka kwenye ncha kuwa jalidi nyeupe, na jua likirudi inafuka na kuwa hewa tena. Mimi miaka thelathini na moja nimeona milibari chache zikipanda na kushuka. Wao wanaona anga yenyewe ikilala chini na kuamka.

Tufani za vumbi za Mirihi mmezisikia. Ni kweli zinaweza kufunika sayari yote. Mariner 9 ilipofika Novemba 1971 haikuona kitu ila vilele vya volkano vikichungulia juu ya vumbi kama visiwa. Ikasubiri miezi. Lakini upepo wenyewe? Kilomita 100 kwa saa kule, kwa wembamba wa ile hewa, unasukuma kama kilomita 13 kwa saa hapa. Upepo wa kuanikia kanga. Kwenye sinema mnaonyeshwa roketi inataka kuangushwa, msiamini. Kinachoua ni vumbi, laini kama poda, linaloziba jua. Kigari Opportunity kilipelekwa kikafanye kazi siku 90, kikafanya toka Januari 2004, kikatembea zaidi ya kilomita 45, paneli zake za sola zikisafishwa na vinyamkera vinavyopita. Ndiyo, kinyamkera yuko Mirihi, tena mrefu kuliko wa huku, na kule alikuwa baraka. Mwaka 2018 tufani kubwa ikaja, mchana ukawa giza. Ujumbe wa mwisho ulifika tarehe 10 Juni. Waliita miezi minane, hakikuitika.

Na kwa vijana: ile helikopta ndogo Ingenuity, uzito wake chini ya kilo mbili, iliporuka mara ya kwanza tarehe 19 Aprili 2021 ilibidi izungushe mapanga yake zaidi ya mara 2,400 kwa dakika ili ishike hewa isiyoshikika. Ilitegemewa iruke mara tano. Iliruka mara 72.

Hizo sayari kubwa, Mshtarii na wenzake, nitazipita haraka, na sababu ni ya kikazi: hazina ardhi. Utaweka kibanda wapi? Chombo kimoja kilidondoshwa ndani ya Mshtarii tarehe 7 Desemba 1995 kikashuka na parachuti kama saa nzima, mgandamizo unapanda, joto linapanda, mpaka kikanyamaza, na chini hakukuonekana. Neptuni, aliye mbali kabisa, anapata mwanga wa Jua sehemu moja tu ya 900 ya tunaopata sisi, na bado ana pepo zinazokaribia kilomita 2,000 kwa saa. Mtu angetegemea kinyume. Sehemu ya sababu ni hiyo hiyo: hakuna milima, hakuna ardhi ya kuukwaruza upepo ukapungua.

Mahali ambapo ningepeleka kipimamvua changu kwa moyo mweupe ni Titan, mwezi mkubwa wa Zohali. Barometa kule ingesoma milibari 1,450 hivi, kidogo tu juu ya ya kwetu. Ni nyumbani! Tatizo ni nyuzi 179 chini ya sifuri. Kwa baridi hiyo maji ni mwamba, na methani, gesi ndugu ya ile ya kupikia, ndiyo inayofanya kazi ya maji. Inapanda, inakuwa mawingu, inanyesha, inatiririka mitoni, inajaza maziwa. Chombo Huygens kilipotua tarehe 14 Januari 2005 kilipiga picha ya kokoto zilizoviringika, kama za kando ya mto wetu huu wa Pangani pale maji yanapopungua. Kokoto za barafu.

Mvua yake, kwa hesabu za wataalamu, matone yanaweza kufika upana wa sentimita moja, na kwa kuwa Titan inavuta kidogo na hewa yake ni nzito, yanashuka mita moja na nusu hivi kwa sekunde. Ungekuwa na muda wa kuliona tone linakuja, ukaamua kulikwepa au kulipokea. Misimu je? Mwaka wa Zohali ni miaka 29 na nusu ya kwetu, kwa hiyo msimu mmoja unapita kidogo miaka saba. Masika ya miaka saba, na bado kuna majangwa ya matuta ya mchanga kwenye ikweta yake ambako mvua ni nadra. Chombo Cassini kilibahatika mwaka 2010 kuona wingu kubwa likipita kule na nyuma yake ardhi ikabaki nyeusi, imelowa. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi. Ni doa tu. Lakini ni mvua, na mtu aliiona, na aliandika tarehe.

Mzee wangu pale nyuma, sijui kama nimelipa deni. Kaskazi na kusi kama zetu, za kubadilishana kwa zamu na kuwapeleka watu Bara Hindi na kuwarudisha, sijazisoma kwingine.

Sasa giza limeingia, na Zuhura hasubiri. Akishuka nyuma ya ile minazi basi mpaka kesho. Darubini iko pale kwa mwalimu. Msitegemee kuona milima wala ule mfereji. Mtaona kitu cheupe safi, kama mwezi mdogo uliokatwa, hakina hata doa. Huo weupe ndio yale mawingu ya asidi, mnayaona kwa juu. Watoto wapite kwanza, mstari mmoja, mikono nyuma, asiyeishika darubini ndiye atakayeona vizuri. Wazee mletewe viti. Nani ana tochi aizime.